Before I Go to Sleep: nusu ya kwanza imenikesha, ya pili nimegombana nayo

Msomaji wa Korogwe

Habari zenu wapendwa. Kikundi chetu cha kusoma kinamalizia Before I Go to Sleep, riwaya ya kwanza ya Mwingereza S. J. Watson, ya mwaka 2011. Christine ana miaka 47, na kila akilala kumbukumbu zake zinafutika. Akiamka hamjui hata mwanamume aliye kitandani pembeni yake. Mwanzoni nilisoma hadi saa nane usiku. Baadaye nikawa nasoma huku nabisha. Wenzangu wanasema nakuza mambo. Mliokisoma, kimesimama wapi na kimeyumba wapi? Mwisho msiuseme, wawili hawajafika.

Mjukuu wa Pangani

Dada, hukuzi mambo. Bibi yangu mzaa mama tulimuuguza miaka minne akiwa amepoteza kumbukumbu. Kila asubuhi naingia na chai ya rangi, ananiuliza, "Wewe mtoto wa nani?" Namtajia mama. Anafurahi, anashukuru, na kabla kikombe hakijaisha anauliza tena.

Ndiyo maana sura ya kwanza ilinitoa jasho. Christine anauona mkono wake umezeeka, anaukana. Bafuni, kuzunguka kioo, zimebandikwa picha za maisha asiyoyajua. Bibi alikuwa akipita mbele ya kabati la kioo anasimama na kusema "Shikamoo", kwa heshima kabisa, maana kichwani mwake yeye bado ni msichana na yule mzee ni mgeni. Mshtuko huo Watson ameupata sawasawa. Kumwachia Christine asimulie mwenyewe ndiko kulikokibeba kitabu: hatujui zaidi ya anachokijua yeye, na anachokijua ni cha tangu asubuhi. Hofu yote imekaa kwenye swali moja: huyu anayenisimulia maisha yangu, ananisimulia yote?

Sasa ile shajara, daftari lake la kumbukumbu za kila siku. Dk. Nash, daktari anayemsaidia, anampigia simu kumkumbusha alikoificha; anaisoma, kisha anaongeza ya siku hiyo, mumewe asijue. Lakini kadiri siku zinavyokwenda inajaa mazungumzo marefu, neno kwa neno, mpaka nguo za watu. Anaandika saa ngapi? Na kila siku lazima aanze kusoma upya! Mtu mwenye hofu huandika mistari iliyokatika. Hapo ndipo naona Watson aliacha dhahabu chini: jambo ambalo Christine hakuliandika, kesho halipo tena duniani. Mwanya huo ungenitisha kuliko siri zote alizozipanga.

Jingine ni mikono. Watson aliguswa na habari za Henry Molaison, Mmarekani aliyepasuliwa ubongo mwaka 1953 kwa ajili ya kifafa, akawa hashiki kumbukumbu mpya. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa achore nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo. Siku baada ya siku mkono ulizidi kuwa stadi, ingawa mwenyewe hakukumbuka kuwahi kufanya zoezi hilo. Bibi naye jina langu lilimpotea, lakini ukimpa miyaa vidole vinasuka ukili bila kukosea. Kwa Christine nilitafuta kitu cha namna hiyo, nikakipata kidogo mno.

Kurasa za mwisho sizisemi, ila maelezo yanamwagwa kwa mkupuo, kana kwamba mwandishi aliacha kutuamini sisi wasomaji.

Mwalimu wa Kisauni

Mjukuu, pole kwa Bibi. Kuhusu shajara, waliotengeneza filamu ya 2014, ile aliyoigiza Nicole Kidman, waliiondoa wakampa kamera ajirekodi. Hilo linaaminika zaidi, lakini kwangu walipoteza kitu. Kwenye kamera anauona uso wake ukisema. Kwenye daftari ana mwandiko tu, na ukurasa wa kwanza unamwambia asimwamini Ben, mumewe. Amwamini nani, mume aliye mbele yake au wino? Kwa ajili ya swali hilo mimi namsamehe Watson yale mazungumzo marefu.

Msomaji wa Korogwe

Mwalimu, hapo kwenye mwandiko umenirudisha nyuma kidogo. Mjukuu, nimeirudia shajara leo mchana nikitafuta siku ambayo Christine ameruka jambo. Jumamosi nawapelekea wenzangu swali lako: ni nini ambacho hakukiandika?