Tupeane uzoefu: kuacha ajira na kusimamia biashara ndogo, Kigoma na Tabora

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni afisa mikopo katika taasisi moja ya fedha hapa Kigoma mjini, na pembeni ninauza mawese kwa msaada wa mdogo wangu aliyeko Mwanga. Kuna miezi ambayo faida huzidi mshahara wangu, na kuna miezi ambayo haipatikani hata pesa ya kununulia mzigo mwingine. Juzi mteja alirudisha madumu mawili kwa sababu mawese yalichanganywa na maji huko tulikonunua. Kijiko kimoja tu cha mawese hayo kingepashwa moto, mafuta yangerukaruka na kutuonyesha, lakini mimi nilikuwa ofisini. Naombeni mlioacha ajira, au mliofikiria mkaghairi, mnieleze yaliyowakuta.

Kutoka Kibirizi: Ndugu yangu, niliacha uhasibu katika kampuni binafsi nikaingia kwenye dagaa, na sijutii. Jambo ambalo mwajiriwa huchelewa kulielewa ni kwamba ziwa lina ratiba yake. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi inapokolea mitumbwi hupumzika nasi hupumzika nayo, ilhali kodi ya nyumba na ada za shule zinaendelea kudaiwa. Masika nayo ni mtihani: mvua ikiwakuta dagaa wabichi wameanikwa, tunakimbilia maturubai, na wasipopata jua siku hiyo huanza kunuka na bei huporomoka. Mimi hulipia uanikaji wa juu ya chanja badala ya mchangani, kwa kuwa mnunuzi anayesafirisha mzigo Dar es Salaam huchota kiganja, hutafuna wachache, na akihisi mchanga hupunguza bei papo hapo. Kisha mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Ninaunga mkono hatua ile kwa moyo wote, kwani ziwa likiisha nasi tumekwisha, lakini walioivuka salama ni wale waliokuwa na akiba au mzigo mkavu ghalani. Kwa hiyo usipime mshahara wako kwa mwezi mzuri wa mawese; jiulize kama nyumba yako inaweza kula miezi mitatu bila mauzo.

Kutoka Ujiji: Mimi niliacha kazi nikafungua duka la vifaa vya ujenzi, na baada ya muda nikarudi kuajiriwa, wala sioni aibu kulisema. Duka lilikuwa likiuza. Kilicholibana ni mkopo wa mshahara niliotoka nao kazini. Ukiwa kazini, rejesho hukatwa kabla hujaiona pesa, lakini ukishatoka hutolewa kwenye mtaji, tena kwa tarehe ileile, mauzo yawepo au yasiwepo. Angalia pia michango yako ya NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii: mwajiri na mfanyakazi huchangia jumla ya asilimia 20 ya mshahara, na pensheni ya uzee huhitaji michango ya miezi 180. Ukijiajiri, unaweza kuendelea kuchangia kwa hiari, ila sehemu ya mwajiri utaibeba mwenyewe. Usitegemee vilevile yale malipo ya siku saba za mshahara kwa kila mwaka wa kazi, kwa sababu sheria imemwekea anayeachishwa na mwajiri, si anayejiuzulu.

Kutoka Tabora: Sisi tuliamua mmoja abaki kazini. Mke wangu ndiye msimamizi wa asali. Hununua msimu wa mavuno na kuuza mwaka mzima, kwa hiyo mtaji hukaa ndani ya ndoo kwa miezi mingi, nao mshahara wangu hulisha nyumba katika kipindi hicho.

Muuliza swali: Asanteni sana. Mkopo wangu wa mshahara bado haujaisha, kwa hiyo sitaandika barua ya kujiuzulu kabla ya kuumaliza. Kwa sasa nitaomba likizo yangu ya mwaka ya siku 28 niitumie yote kununua, kupima na kuuza mimi mwenyewe, tena wakati wa masika barabara za vijijini zinapoharibika. Ndugu wa Tabora, naomba unieleze kama mkeo hujilipa mshahara kutoka kwenye asali, au faida yote hurudi kwenye mzigo?