Mwenyekiti wa baraza la ardhi anawajibika kwa nani?

Binti_Mkubwa: Wakuu naombeni msaada, nimechoka. Mama yangu ana kesi ya nyumba Baraza la Ardhi na Nyumba la wilaya, huu mwaka wa tatu, nyumba walijenga na marehemu baba halafu baba mdogo akaiuza hana hata karatasi moja. Kesi imeahirishwa weee mpaka nikaacha kuhesabu, na mara mbili kwa macho yangu nimemuona mnunuzi anatoka ofisini kwa mwenyekiti kabla hatujaitwa. Juzi hukumu imetoka tumeshindwa. Wazee wa baraza, wale wanaokaa na mwenyekiti kusikiliza kesi, walikuwepo tangu mwanzo ila maoni yao hatukusomewa kabisa. Huyu mwenyekiti nimshtaki wapi, kwa DC? Mama hali, halali.

Mzee wa Faili: Pole sana dada, na mama mpe pole. Tenganisha vitu viwili hapo, hukumu mbaya unakata rufaa, tabia mbaya unalalamika. Ukipeleka malalamiko ukakaa kusubiri majibu umekwisha, maana una siku 45 tu tangu hukumu kwenda Mahakama Kuu na hakuna barua ya malalamiko inayofuta hukumu. Kesho asubuhi nenda kaombe kwa maandishi nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri (yale yote yaliyoandikwa kesi ikisikilizwa), wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako.

Na hilo la wazee usiliache!! Wanatakiwa wasipungue wawili, watoe maoni kwa maandishi, na Mahakama ya Rufani imeshasema zaidi ya mara moja kwamba yasomwe mbele ya wadaawa, yani pande zote za kesi, kabla ya hukumu. Mwenyekiti halazimiki kuyafuata ila akiyakataa aandike sababu.

Nyanda_wa_Ziwa: Kwa DC utapoteza nauli tu. Ile kamati ya maadili anayoongoza mkuu wa wilaya, ya sheria ya usimamizi wa mahakama ya 2011, ni ya mahakimu. Mwenyekiti wa baraza kwa sheria ya mahakama za migogoro ya ardhi ya 2002 aliwekwa mikononi mwa waziri wa ardhi, anateuliwa naye kwa miaka mitatu mitatu. Mi hili linaniuma toka zamani, yani wizara inayotoa hati ndo iteue anayeamua ugomvi wa hati, halafu muda wake ukiisha ndo iamue abaki au aondoke. Ila kifungu cha 43 cha sheria hiyohiyo ya 2002 kinaipa Mahakama Kuu nguvu ya kuita faili la baraza na kulikagua, ndo maana rufaa ni ya maana kuliko barua kumi.

Mama Tumaini: Mdogo wangu jiandae kisaikolojia pia. Sisi hukumu ilifutwa kwa hiyohiyo sababu ya wazee, tukashangilia, kumbe kesi inaanza upya kwa mwenyekiti mwingine na mashahidi wetu wawili walishafariki. Kwa hiyo mwambieni wakili aandike na sababu za ushahidi wenyewe, asitegemee wazee peke yake.

Binti_Mkubwa: Asanteni sana, Mungu awabariki. Na lile la mnunuzi kutoka ofisini?

Mzee wa Faili: Uliona mtu, hukuona hela. Andika tarehe, saa na nani alikuwepo, peleka TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, kama ulivyoona, usiongeze chumvi.

Binti_Mkubwa: Nimetoka barazani sasa hivi. Karani alikuwa anazungusha ila barua imegongwa muhuri, nakala wamesema Alhamisi. Mama leo kanywa uji.