Janga la mafua ya H1N1: katika tahadhari tunazohimizwa, zipi zina uzito kweli?

(Mazungumzo haya ya jukwaani ni ya Julai 2009; vyeo, takwimu na maelekezo yaliyomo ni ya wakati huo.)

Mume na Baba ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari zenu.

Tangu Shirika la Afya Duniani litangaze, tarehe 11 Juni 2009, kwamba mafua mapya ya H1N1, yale yanayoitwa mafua ya nguruwe, yamefikia daraja la sita, ambalo ndilo la juu kabisa katika vipimo vyao, nyumbani kwetu hakuna mazungumzo mengine. Mke wangu ni mjamzito wa miezi sita. Mama yangu mzazi, aliyekwisha kupita miaka sabini, anaishi nasi, na watoto wetu wawili wanakwenda shule, wakishinda kutwa wamebanana na wenzao darasani. Kila ninayemuuliza ananipa jibu lake. Mfanyakazi mwenzangu amejaza barakoa kwenye mtoto wa meza yake, wala haivui hata anapozungumza kwa simu. Shemeji yangu ameacha nyama ya nguruwe na anatutaka nasi tuiache. Kaka yangu mkubwa anatucheka sote na kusema mafua ni mafua tu, yalikuwapo kabla hatujazaliwa.

Sitafuti orodha nyingine ya mambo ya kufanya, kwa maana hizo ninazo za kutosha. Ninachoomba ni mwenye kufahamu anieleze ni tahadhari ipi yenye uzito na ipi ni ya kutuliza moyo tu. Familia haiwezi kufanya yote kila siku kwa miezi mingi, na ninahofia kwamba tukishachoka tutayaacha ya maana pamoja na ya bure. Mpaka sasa nimekuwa nikimkinga mama kuliko wote kwa sababu ya umri wake. Je, ndivyo ipasavyo?

Muuguzi wa Zamu amejibu:

Ndugu, niruhusu nianze na hilo daraja la sita, kwa sababu limewatia watu hofu kuliko ugonjwa wenyewe. Madaraja hayo hupima jinsi virusi vilivyoenea duniani, wala hayapimi ukali wake. Siku ile ile ya kutangaza, Dkt. Margaret Chan, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika hilo, alieleza kwamba ukali wa janga hili unaonekana kuwa wa wastani, na kwamba wagonjwa walio wengi hupona haraka, mara nyingi bila tiba yoyote. Maneno hayo yalisomwa na wachache. Ile namba sita ikasomwa na wote.

Kuhusu mama, msimpuuze, lakini macho yaelekee kwanza kwa mkeo. Virusi hivi vimeonyesha tabia tofauti na mafua ya kila mwaka: vinawapata zaidi watoto na vijana, na miongoni mwa wanaozidiwa hadi kulazwa, wajawazito wamekuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa, hasa wale ambao mimba imekua. Wengi waliopita umri wa miaka sitini wanaonekana kuwa na kinga kiasi, yumkini kwa sababu ujanani mwao walikutana na virusi vya jamaa moja na hivi. Hata hivyo mzee akiambukizwa anaweza kuzidiwa vibaya, hasa akiwa na kisukari, pumu au maradhi ya moyo.

Sasa, njia ya virusi. Vinatoka puani na mdomoni mwa mgonjwa anapokohoa, kupiga chafya au kuzungumza, vinamfikia aliye karibu, na mara nyingine vinapitia mikononi hadi kwenye macho, pua na mdomo. Mtu huanza kuugua baada ya siku moja hadi nne, na anaweza kuambukiza wengine tangu siku moja kabla hajajihisi mgonjwa. Ukiishika njia hiyo, utaweza kuzipima tahadhari wewe mwenyewe bila kumngoja mtu. Nyama ya nguruwe iliyopikwa ikaiva haimo kabisa katika njia hiyo. Serikali ya Misri iliamuru mwezi Aprili nguruwe wote nchini wachinjwe, kiasi cha laki tatu, ilhali nchi haikuwa na mgonjwa hata mmoja wa H1N1, na virusi viliingia baadaye hata hivyo, kwa kuwa vilikuwa vikisafiri na watu.

Kwa nyumba kama yako, ningeweka mbele ya yote mpango wa kumtenga mgonjwa. Kaeni chini mapema, kabla hajaugua mtu, mwamue ni chumba kipi kitakuwa cha mgonjwa na ni nani atakayemhudumia. Awe mtu mmoja, mzima wa afya, na asiwe mkeo. Dirisha la chumba hicho liwe wazi kadiri hali ya hewa inavyoruhusu. Mgonjwa awe na kikombe chake na taulo lake, na karatasi anazofutia pua ziingie moja kwa moja kwenye chombo chenye kifuniko. Barakoa ina kazi hapo hapo: mgonjwa aivae anapokuwa karibu na wengine, na anayemhudumia aivae anapomsogelea. Ikishalowa haifai tena. Ivuliwe kwa kushika kamba za masikioni, si kwa kukamata sehemu ya mbele, kisha mikono ioshwe papo hapo. Mfanyakazi mwenzako anayezungumza kwa simu akiwa ameivaa hamdhuru mtu, ila akiivuta kidevuni mara kwa mara na kuipandisha, vidole vyake vinashughulika usoni kuliko vya asiyevaa kabisa.

La pili ni kunawa mikono, na hapa naomba usichoke kusoma, kwa maana kila mtu anaamini anajua kunawa. Ukimtazama mtu bombani utaona anasugua viganja viwili, anasuuza, basi. Kidole gumba hakiguswi, wala ncha za vidole, na ncha ndizo zinazopekecha jicho na kugusa pua. Virusi vya mafua vimezungukwa na utando wa mafuta ambao sabuni huuvunja, kwa hiyo sabuni ya kawaida inatosha, mradi isuguliwe kwa sekunde ishirini na ifike kwenye gumba, kati ya vidole na chini ya kucha. Mikono ikaushwe, kisha bomba lifungwe kwa karatasi au kwa kiwiko, kwa sababu lilifunguliwa na mikono michafu. Palipo mbali na maji, kitakasa mikono chenye alkoholi isiyopungua asilimia 60 kinafaa.

Kupuliza dawa hewani na kwenye kuta, kwa maoni yangu, kunamfariji anayepuliza. Vitasa, swichi na simu vifutwe kwa maji ya sabuni, yatosha.

Mwenye Shaka amejibu:

Ninaheshimu maelezo ya mwenzetu, lakini namuunga mkono kaka mkubwa wa muulizaji. Shirika hilo hilo la Afya Duniani linakadiria, mwaka huu wa 2009, kwamba mafua ya kawaida huua watu kati ya 250,000 na 500,000 kila mwaka duniani, na sijaona mkutano wa dharura ukiitishwa kwa ajili yao. Mwezi huu wa Julai Shirika limeacha hata kuzitaka nchi zihesabu mgonjwa mmoja mmoja. Kama wenyewe wameacha kuhesabu, sisi tunahangaishwa na nini?

Msomaji wa Historia amejibu:

Ndugu Mwenye Shaka, waliacha kuhesabu mmoja mmoja kwa sababu wagonjwa wamekuwa wengi mno kupimwa wote. Hiyo si dalili kwamba jambo limekwisha. Takwimu uliyoitaja ni kweli, lakini mafua ya kila mwaka huwakuta watu wengi wakiwa na kinga ya miaka iliyopita, na vifo vyake vingi ni vya wazee sana. Virusi vipya huwakuta vijana na watoto hawana kinga hiyo, na ndiyo maana hata ugonjwa wa wastani unaweza kujaza wodi kwa wiki chache.

Wengi wanaulinganisha mwaka huu na ule wa 1918, ambapo karibu theluthi moja ya watu wote duniani waliambukizwa na makumi ya mamilioni wakafa, karibu nusu yao wakiwa na umri kati ya miaka 20 na 40. Mimi sipendi ulinganisho huo ukitumiwa kutisha watu, kwa sababu wakati ule hapakuwa na antibiotiki za kutibu nimonia iliyofuata mafua, wala hapakuwa na chanjo ya mafua, na virusi vyenyewe havikutambuliwa kwa binadamu hadi mwaka 1933. Tena kumetokea majanga mengine mawili ya mafua, mwaka 1957 na 1968, ambayo hayakufikia hapo.

Lakini lipo jambo moja la 1918 linalojibu swali la msingi la muulizaji. Huko Marekani, mji wa Philadelphia uliruhusu gwaride kubwa tarehe 28 Septemba, ingawa ugonjwa ulikwisha kuingia mjini, na maelfu kwa maelfu wakajipanga barabarani bega kwa bega. Shule, makanisa na kumbi zilifungwa siku chache baadaye, hospitali zikiwa zimekwisha kufurika. Mji wa St. Louis ulifunga sehemu hizo mara tu baada ya wagonjwa wa kwanza kuonekana. Watafiti waliopitia kumbukumbu za miji hiyo miaka ya karibuni wamekuta kwamba wiki mbaya kuliko zote ya St. Louis ilikuwa na kiwango cha vifo kilicho takriban sehemu moja ya nane ya kile cha Philadelphia. St. Louis ilipolegeza masharti mwezi Novemba, vifo vikapanda tena. Yaani kilicholeta tofauti ni wakati wa kuchukua hatua, nayo hatua yenyewe ilikuwa hasa kupunguza mikusanyiko.

Msimamizi wa Kazi amejibu:

Naomba niseme la upande wetu, kwa kuwa ninasimamia watu kazini na mambo haya yananikuta kila asubuhi. Sisi sote tunakubaliana kwamba anayeumwa abaki nyumbani. Hata hivyo ninamwona mtu anaingia akiwa na macho mekundu, anakohoa kwenye kiganja, na kwa kiganja hicho hicho anaipokea kalamu ya kutia saini ya mahudhurio, kisha anamwachia anayefuata. Ukimuuliza kwa nini amekuja, jibu analo: anayelipwa kwa siku, akikosa siku amekosa ujira, na aliyeajiriwa anadaiwa cheti cha daktari hata kwa mafua ya siku mbili. Halafu huyo mgonjwa anayefuata cheti anakwenda kuketi saa tatu katika chumba cha kungojea kilichojaa wajawazito na watoto.

Mabango ya kunawa mikono tumebandika, na ni ya gharama ndogo. Yenye gharama ni kumwambia mtu, "Nenda nyumbani, siku zako hazitakatwa, wala sihitaji cheti." Pale tulipopata ruhusa ya kusema hivyo, watu wameanza kutoa taarifa mapema, tena wengine kwa simu kabla hawajatoka nyumbani. Pale ambapo ruhusa haijatoka, wanameza dawa ya kushusha homa na kuingia kazini, na mlangoni huwezi kuwatambua. Kwa hiyo, ndugu Mume na Baba, kabla ya kununua chochote, muulize mwajiri wako na walimu wa watoto watafanyaje mtu akiugua.

Mume na Baba ameandika tena:

Nawashukuru nyote. Suala la chumba tumelimaliza leo: mtoto atakayeugua atalala chumbani kwangu, nami ndiye nitakayemhudumia, na mke wangu atahamia chumbani kwa mama.

Yamebaki maswali mawili. Kuna mtu anataka kuniuzia dawa ya oseltamiviri, ile ya kupambana na virusi vya mafua, ili niiweke ndani kwa tahadhari, bila kuandikiwa na daktari. Ninunue? Pili, nitajuaje kwamba mgonjwa wa kutunzwa nyumbani amegeuka kuwa mgonjwa wa kupelekwa hospitali?

Muuguzi wa Zamu amejibu:

Usinunue. Dawa hiyo ni ya kweli, nayo hufanya kazi vizuri ikianza kutumiwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, lakini inayouzwa kichochoroni huna njia ya kujua ndani mna nini. Isitoshe, kuimeza ovyo kunavipa virusi nafasi ya kuzoea, na mwezi Juni huko Denmark amekwisha kupatikana mgonjwa mwenye virusi sugu kwa dawa hii. Badala yake, mkeo azungumze na daktari wake sasa, akiwa mzima, wapatane ampigie nani mara tu homa ikianza. Yeye asisubiri kuona kama itapungua yenyewe, wala asitishwe na wanaosema mjamzito hatumii dawa. Chanjo ya virusi hivi inatengenezwa. Ikifika, wajawazito huenda wakawa miongoni mwa wa kwanza kuitwa.

Antibiotiki msizinywe kwa mafua yenyewe, kwa kuwa haziui virusi. Watoto msiwape aspirini, kwani ikikutana na mafua inaweza kuwaletea madhara makubwa ya ini na ubongo. Parasetamoli kwa kipimo cha umri na uzito wao inatosha.

Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja akihema kwa shida au haraka kupita kawaida, akilalamika maumivu ya kifua, midomo ikibadilika kuwa ya bluu, akichanganyikiwa, au akitapika bila kukoma. Kwa mtoto mdogo, tazameni kama anakataa kunywa, kama analia bila machozi, kama haamki vizuri au hataki hata kubebwa. Ipo pia dalili moja inayowapita wengi: mgonjwa anapata nafuu, homa inashuka, nyumba nzima inapumua, kisha baada ya siku moja au mbili homa inarudi na kikohozi kinakuwa kizito kuliko mwanzo. Hapo yamkini nimonia imeingia, na hiyo inahitaji daktari siku hiyo hiyo. Pigeni simu kabla ya kufika, ili mpokewe kwa mlango mwingine au mpewe barakoa mlangoni.

Na mtoto aliyepona asirudi shule mpaka zipite saa 24 kamili bila homa, zikihesabiwa tangu alipoacha dawa ya kuishusha.