Pikapu ya kwenda Msimbati na Liwale: nianze kubadilisha nini?

Mkazi wa Mikindani

Ndugu wadau, nina Hilux ya dizeli yenye kebini mbili na tairi za kawaida za 265/65R17, ambayo hadi sasa kazi yake kubwa ni kunipeleka shambani Tandahimba. Kiangazi hiki nakusudia kuitumia kwa safari za kulala porini pamoja na mke wangu na watoto wawili, kwanza Msimbati, kisha kupitia Nachingwea hadi Liwale na kutokea Nangurukuru. Fundi mmoja ananishauri niinue gari kwa inchi nne, nifunge tairi za matope, winchi ya kujivutia kwa waya gari likikwama, ngao ya chuma, hema juu ya paa na sinokeli, yaani lile bomba la kuvutia hewa linalopanda hadi usawa wa paa. Fedha niliyo nayo haifiki hata nusu ya orodha hiyo. Naomba mnieleze kipi kitangulie na kipi ni pambo.

Springi Masasi

Ndugu, kabla ya kununua chochote, hesabu uzito. Lita 60 za maji ni kilo 60, lita 40 za dizeli ya akiba ni takriban kilo 34, hema la juu ya paa mara nyingi huwa kati ya kilo 50 na 70, na bado hujapakia familia, vyombo wala tairi ya akiba ya pili. Ukijumlisha hayo na chuma chote anachokutajia fundi wako, utakuta umekaribia kikomo cha mzigo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, na gari lililozidiwa huvunja springi, hupasua tairi na huchelewa kusimama, hata likiwa limeinuliwa namna gani. Fedha ya kwanza iende kwenye springi za nyuma zinazolingana na mzigo utakaoubeba, pamoja na shokapu zake. Kuinuka kwa inchi moja au mbili kutakuja humo humo.

Inchi nne siziungi mkono. Magurudumu ya mbele ya Hilux hayakuunganishwa kwa ekseli moja ngumu, kwa hiyo ukiinua mno, shafti zake hukaa kwa mshazari mkali na mipira inayofunika viungo vyake huchanika mapema. Isitoshe, springi haziinui difu ya nyuma, yaani kasha la gia lililo katikati ya ekseli. Tairi pekee ndizo huiinua, na ukihamia 265/70R17 utapata kama milimita 13 tu.

Pwani Kusini

Nakubaliana na ndugu wa Masasi, ila kwa Msimbati kifaa cha kwanza ni kipimo cha upepo na kompresa ndogo, ambavyo kwa bei havikaribii hata winchi. Kwenye mchanga mlaini shusha upepo hadi psi 16 au 18, tairi ilale na kugusa eneo refu zaidi, uendeshe bila kukata kona kwa ghafla, kisha ujaze tena kabla ya kurudi lami, kwa sababu tairi laini kwenye mwendo wa kasi hupata joto na kupasuka. Winchi ufukweni utaifunga wapi? Beba koleo na vibao viwili vya kujinasulia.

Angalia pia mwezi: siku za bamvua maji hupanda mbali, na nimeona magari yaliyoachwa usiku chini ya alama ya maji makuu. Eneo hilo limo ndani ya hifadhi ya bahari, hivyo kuna kiingilio, na gari lisipite mahali kasa wanapotaga.

Msafiri wa Liwale

Kwa kiangazi, sinokeli iache. Kilicho muhimu zaidi, na ambacho fundi hakukitaja, ni vipumulio, yaani vitundu vya kupitishia hewa, vya difu na giaboksi. Difu iliyopata moto ikiingia ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyomo husinyaa na kufyonza maji kupitia sili, ile mipira ya kuzuia oili isivuje, nawe utagundua baadaye oili ikiwa nyeupe kama maziwa. Mpira mwembamba wa mita chache, uliopandishwa hadi juu ya injini, unamaliza tatizo hilo.

Kuhusu hema, sioni sababu ya kuliweka juu ya paa. Tengeneza fremu juu ya bodi ya nyuma, isiyozidi kimo cha kebini, na gari litayumba kidogo zaidi kwenye makorongo.

Mvua za Desemba zikianza, udongo mweusi hautajali umebadilisha nini, ahirisha safari. Usilale popote bila kumwona mwenyekiti wa kijiji, na ndani ya pori la akiba utahitaji kibali cha TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania.

Mkazi wa Mikindani

Nashukuru sana. Je, friji ndogo itahitaji betri ya pili?

Springi Masasi

Ikiwa mtakaa mahali pamoja zaidi ya usiku mmoja, ndiyo, na itenganishwe na ile ya kuwashia gari. Mkiwa mnasafiri kila siku, altaneta inayochaji betri injini ikiwaka itatosha, mradi friji izimwe mnapolala.