Binti yangu kanasa swala wawili kwenye windo moja la TV. Nimjibu nini?

MamaSifa

Wakuu, salaam. Naombeni ushauri. Jambo lenyewe linaweza kuonekana dogo, lakini limenikaa rohoni tangu juzi.

Nina binti wa miaka 9. Katuni hana habari nazo. Yeye ni vipindi vya wanyama wawindaji tu. Simba, duma, chui, mbwa mwitu, hao ndio anaolala nao na kuamka nao. Ana daftari lake, humo anachora nyayo na kuandika nani kamkamata nani. Mimi hukaa naye tukatazama pamoja, na navipenda vipindi hivyo kama yeye.

Juzi tulikuwa tunamtazama duma akimkimbiza swala tomi. Muziki umepanda, msimulizi kashusha sauti, sote kimya. Duma akanyoosha mkono, swala akapepesuka, vumbi likatimka, kisha tukamwona duma kashambana koo. Binti akasema, "Mama, rudisha nyuma." Nikarudisha. "Simamisha hapo." Swala aliyekuwa anakimbia alikuwa na pembe ndefu, nene, zenye pete kutoka chini hadi karibu na ncha. Aliyekuwa chini ya duma alikuwa na vipembe vifupi, vyembamba kama penseli. Akanionyesha na kivuli. Kwenye mbio kivuli cha duma kilikuwa kirefu kimelala pembeni. Kwenye kubana koo kivuli kiko chini ya tumbo, jua la utosini.

Akaniuliza, "Kwa hiyo yule wa kwanza alipona?" Sikuwa na jibu. Jioni nikamkuta amepiga mistari kurasa 3 za daftari lake, anasema hajui tena lipi la kweli na lipi si la kweli. Hapo ndipo nilipoumia.

Nauliza: vipindi hivi tuviamini kwa kiasi gani? Vilivyo bora mtu anavitambuaje? Na mtoto nimwambie nini, bila kumdanganya na bila kumkatisha tamaa?

Mkasi_na_Gundi

Mama Sifa, nimehariri picha kwa miaka mingi, zikiwemo za wanyama, kwa hiyo naongea kwa kazi ya mikono yangu. Mwanao ameona sawasawa kabisa. Wale ni swala wawili.

Inatokeaje? Mbio za duma hazifiki hata dakika moja. Mpiga picha ana kamera moja, lenzi ndefu, amekaa mbali ili asimsumbue mnyama. Swala anakata kona, duma anamfuata nyuma ya kichaka, wote wametoka kwenye fremu. Kamera ikiwapata tena, ama duma keshaua ama amekaa anahema peke yake. Mimi niliye kwenye chumba cha kuhariri naletewa mwanzo mzuri wa windo la Jumanne na mwisho mzuri wa windo la wiki iliyofuata. Navishona.

Hata wakubwa wa kazi hii wanashona. Mwaka 2016, kwenye Planet Earth II, mfululizo wa BBC, dunia nzima ilishika roho ikimtazama iguana mchanga, aina ya mjusi mkubwa, akiwatoroka nyoka kwenye visiwa vya Galápagos. Mwaka uliofuata mtayarishaji wake alieleza waziwazi kwamba si kila shoti ilikuwa ya iguana yule yule. Nyoka walikuwa wa kweli na mbio zilikuwa za kweli. Kilichoungwa ni mtiririko.

Na sauti ndiyo kabisa. Lenzi inafika mita mamia, maikrofoni haifiki huko. Mfupa unaousikia ukivunjika mara nyingi ni shina la mboga bichi lililovunjwa studio. Hatua za dubu kwenye theluji hutengenezwa kwa kuminya mfuko wa wanga wa mahindi.

Kwangu mimi kushona windo lililotokea kweli kwa mnyama wa aina ile ile, mahali pale pale, kunavumilika. Kisichovumilika ni kutunga tabia ambayo mnyama hana. Mwaka 1958 filamu ya White Wilderness iliwaonyesha lemingi, vipanya vya nchi za baridi, wakijirusha majini kwa wingi kana kwamba wanajiua. Wanyama wale walikuwa wamenunuliwa, wakapelekwa Alberta, Kanada, ambako hata si kwao, wakasukumwa kutoka ukingoni. Filamu ikapata Oscar. Ukweli ulianikwa na kipindi cha televisheni cha Kanada mwaka 1982, miaka 24 baadaye, na mpaka leo kuna watu wazima wanaoamini lemingi hujiua.

Kijiti_Kikavu

Naheshimu mliyosema, ila nina mtazamo tofauti. Bila hadithi hakuna atakayekaa saa nzima kutazama majani yakipeperuka. Vipindi hivi vimewafanya watoto wengi wapende wanyama ambao hawatawaona maishani, na upendo huo una faida kwa wanyama wenyewe. Swala wa pili ana ubaya gani ikiwa duma kweli huwinda hivyo? Mama, mwambie binti ni filamu, muendelee kufurahi.

NyayoMbichi

Kijiti, nakuelewa, lakini ubaya upo. Nimefuatilia wanyama porini kwa kazi miaka 14. Hadithi sina ugomvi nayo. Ninachokipinga ni hadithi ile ile moja kila siku, maana inaingia kichwani na kukaa kama elimu.

Chukua fisi. Muulize mtu yeyote, atakwambia fisi ni mwizi wa mizoga ya simba. Imani hiyo ilitokana na nini? Na saa ya kutazama. Watu walikuwa wanafika asubuhi, wanawakuta simba wanakula na fisi wamewazunguka wanasubiri. Basi, simba kaua, fisi anadoea. Miaka ya 1960 mtafiti Hans Kruuk akaamua kuwafuata fisi usiku, kwa mbalamwezi, Ngorongoro na Serengeti. Akakuta fisi ndio waliokuwa wanakimbiza nyumbu na pundamilia na kuwaangusha, kelele zao zinawaita simba, simba wanakuja kunyang'anya. Kulipokucha, mwenye mali alikuwa ndiye anayesubiri pembeni. Zaidi ya nusu karne imepita, na bado nakutana na vipindi vinavyoanza na simba wa asubuhi na kumuita fisi mwizi.

Pili, idadi ya mawindo yanayofanikiwa. Mtoto akitazama saa moja yenye mauaji 6, anadhani simba akitaka nyama anapata. George Schaller, aliyewachunguza simba wa Serengeti kuanzia 1966, alikuta simba anayenyemelea peke yake hufaulu takriban mara 1 kati ya 6. Wakiwa wawili au zaidi inakaribia mara 1 kati ya 3. Kukosa ndiyo kazi yao ya kila siku.

Nilikaa kutwa moja na simba jike mwenye watoto wawili. Mbavu zilikuwa zinahesabika. Asubuhi alinyanyuka, akajibana kwenye majani, akasogea hatua moja, akasimama, mguu wa mbele ukiwa hewani bila kutua. Alibaki hivyo kwa muda nilioshindwa kuustahimili kwa macho. Pundamilia mmoja akakoroma, kundi zima likageuka kumtazama. Akashusha mguu, akarudi kulala, watoto wakaja kumnyonya. Alasiri akajaribu tena, upepo ukageuka. Usiku ukaingia hajala. Tangu siku hiyo, kipindi kisichonionyesha simba akikosa huwa sikimalizi.

BabaNuru

Nyayo, umenigusa. Binafsi nina watoto watatu, nilianza kuwazimia sauti. Tunatazama windo mara ya kwanza kimya kabisa, kila mmoja anasimulia alichokiona, ndipo tunarudia kwa sauti. Wakubwa sasa wanajua wenyewe mahali muziki unapowavuta.

Na lile daftari, badala ya "nani kamkamata nani", aweke safu ya "nani kakosa" na "kwa nini".

MamaSifa

Ahsanteni sana wote. Hilo la kuzima sauti tunalifanya leo leo. NyayoMbichi na Mkasi, naomba mnifungulie zaidi kwenye kuchagua. Nikiwa nimekaa na rimoti mkononi, nitazame nini?

NyayoMbichi

Tazama kama wanakwambia ni wapi na ni majira gani. Nyika ni pana. Windo la kiangazi kwenye mto uliokauka si windo la masika kwenye majani marefu. Kipindi kinachosema tu "Afrika" nakitilia shaka.

Tazama kama kuna usiku. Simba na fisi wengi huwinda gizani, na siku hizi zipo kamera zinazonasa joto la mwili bila kuwasha taa hata moja. Kipindi cha simba kisicho na usiku kimekupa nusu ya maisha yao.

Mwaka 2015 BBC walitoa mfululizo wa The Hunt ambao mkazo wake ulikuwa kwenye mbinu za mwindaji na za anayewindwa, na wanyama wanakosa kweli kweli. Huo unaweza kuanza nao na mtoto wa umri huo. Damu si nyingi.

Mkasi_na_Gundi

Upande wangu naongeza moja tu, na mwanao ataliweza: atafute fremu moja yenye mwindaji na mawindo pamoja. Jicho la chui, kisha swala kainua kichwa, kisha jicho la chui, kisha swala. Bila kuonekana wote wawili kwa pamoja hata mara moja, chui yule huenda hakuwahi kumwona swala yule. Ukiwaona pamoja, hapo kuna mpiga picha aliyevumilia. Pia msizime majina yanapoanza kupita mwishoni. Watengenezaji waaminifu mara nyingi huweka dakika kadhaa za jinsi walivyopiga picha.

Na mkwepe ule uongo uliovaa koti la sayansi. Mwaka 2013 Discovery walirusha kipindi kuhusu megalodoni, papa aliyetoweka mamilioni ya miaka iliyopita, wakidai huenda bado yu hai. "Wanasayansi" wake walikuwa waigizaji. Watazamaji walikasirika, na walikuwa na haki.

Kijiti_Kikavu

Hilo la fisi sikulijua, na ninao umri. Nimebadilisha mawazo kwa sehemu. Bado nasema hadithi ibaki, lakini isimpake mnyama matope.

MamaSifa

Narudi na mrejesho. Tumetazama simba bila sauti. Kwenye kile kipande ambacho zamani kilikuwa kinamtia hofu, binti akasema, "Huyu hajakasirika, huyu amechoka." Kisha tukarudia kwa sauti, muziki wa ngoma nzito ukaingia, akanitazama tu.

Sasa ana swali ameniomba nililete kwenu: kwa nini fisi wakitokea wanawekewa muziki wa kutisha, na simba wakitokea mara nyingi hawawekewi, wakati wote wanatafuta chakula?

Mkasi_na_Gundi

Mwambie kuna mtu chumbani aliyeuchagua. Mimi mwenyewe nimewahi kuuchagua, zaidi ya mara moja, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Swali lake nimeliandika na kulibandika juu ya meza yangu ya kazi.

NyayoMbichi

Mama Sifa, swali lake la kwanza hatukulijibu, lile la yule swala mwenye pembe ndefu. Mwambie alikuwa dume. Swala tomi dume ndio wenye pembe zile za pete. Jike huwa na vipembe vifupi vyembamba, na wengine hawana kabisa. Kwa hiyo aliyekamatwa alikuwa jike, siku nyingine. Duma hukosa mara nyingi, na kama kamera ingekuwa na mwisho wa yule dume, wangetumia huo. Naamini aliponyoka.

MamaSifa

Nimemsomea. Ameenda kuchukua daftari, akafungua ukurasa wa kwanza kati ya zile alizozipiga mistari. Chini ya mistari ameandika kwa kalamu nyekundu: "Dume. Labda alipona."