Naombeni ushauri: nimemtungia Su She utoto wake, sasa grupu zima limenigeuka

Binti_wa_Moling

Habari zenu wapendwa. Nawaomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanishukia, maana uzi ni mrefu na nimeuandika machozi yakiwa karibu.

Mimi ni mgonjwa wa Mo Dao Zu Shi, ile hadithi ya Kichina ya mapanga na uchawi. Nilianza na tamthilia ya 2019, The Untamed, episodi 50 nikazimaliza ndani ya wiki mbili, afu nikaingia kwenye riwaya yenyewe ya Mo Xiang Tong Xiu na toka hapo sijatoka. Tuna grupu letu dogo tunaandikiana stori za mashabiki kwa Kiswahili, kila mtu anatunga yake wenzake wanasoma. Wengi wanamwandika Wei Wuxian na Lan Wangji, masteringi wenyewe. Mimi namwandika Su She.

Kwa ambao hamumkumbuki (na wengi hawamkumbuki, hata Wei Wuxian mwenyewe ana shida kumkumbuka) ni yule mwanafunzi wa ukoo wa Lan, pale ziwa Biling alijaribu kuuzamisha upanga wake majini bila kuushika kama alivyofanya Lan Wangji. Upanga wa Lan Wangji ukarudi, wake ukamezwa. Baadae kule kwenye pango la yule mnyama Xuanwu akamkamata Mianmian, msichana wa ukoo wa Jin, kumtoa kwa watu wa ukoo katili wa Wen. Afu akaondoka Gusu, kwa akina Lan, akaanzisha ukoo wake, Moling Su, akamloga Jin Zixun ile laana ya matundu mwilini, na laana hiyo ndo iliyokuja kuzaa maafa ya njia ya Qiongqi, Jin Zixuan, binamu yake Zixun, akafa huku mtoto wake hata arobaini hajafika. Hamna anayempenda huyu mtu. Akitajwa kwenye grupu watu wanaweka emoji za kutapika.

Sasa mimi nimemtungia utoto. Mama yake mfua nguo, baba hayupo, na ule upanga aliokwenda nao Gusu mama aliununua kwa kuuza ng'ombe wao wa pekee. Kwahiyo upanga unapozama, kwenye stori yangu anazama na yule ng'ombe. Hadi hapo watu walikua wananisoma vizuri tu. Tatizo limeanza sura ya sita, ya pangoni. Nimeandika kwamba watu wa Wen walishamshika mama yake Su She, wakamwambia asipomtoa Mianmian mama anachinjwa. Wee! Komenti zilivyomiminika, "unamsafisha muuaji", mwingine akasema mimi ndo wale wanaomtetea kibaka kwa sababu kwao maskini. Admini akafuta sura zangu zote sita bila kuniambia. Na rafiki yangu kabisa, tunaitana dada, ameacha kunijibu, siku ya kumi na moja leo.

Na niseme ukweli mwingine, toka nianze kumwandika huyu nimeanza kumchukia Lan Wangji. Nimemwekea maneno ya dharau ambayo kwenye kitabu hakuyasema.

Kwanini Su She? Mimi nimelelewa kwa baba mkubwa. Hakuna aliyenitesa, lakini nilijua sahani ipi ni yangu na kiti kipi sikai. Ukiishi kwenye nyumba ya watu hivyo, ukisoma mtu aliyezama na upanga wake akijaribu kufanana na mtoto wa mwenye nyumba, huwezi kupita tu.

Niache? Niendelee? Sura ya sita niifute? Na huyu dada nimrudieje?

---

Mzee_wa_Kibanda

Binti pole sana. Sisi tumekulia kwenye vibanda umiza, muvi ya Kichina ilikua na watu wawili tu, steringi na adui, na steringi hafi. Adui akidondoka kibanda kizima kinapiga makofi, hakuna aliyewahi kuuliza yule adui kwao wapi. Mimi nimeanza kuuliza nikiwa na watoto watatu.

Nikupe mfano wa Shen Gongbao. Kwenye kitabu cha zamani cha Fengshen Yanyi, cha enzi za Ming, huyu ni mtu wa husuda tu, anamwonea wivu Jiang Ziya, mwanafunzi mwenzake, na kila anayemwita "ndugu, simama kidogo" ujue huyo ameshakufa. Wachina wamemchukia mamia ya miaka, hayo maneno yake wamefanya utani wa mitandaoni. Afu ikaja katuni ya Ne Zha 2019 wakamfanya kigugumizi, chui aliyejifunza mpaka akawa mtu, na pamoja na juhudi zote anadharauliwa kwa sababu ya asili yake. Ya pili, ya 2025, ndo tukamuona baba yake na mdogo wake, mdogo mtu anamheshimu kaka kama vile kaka kule mbinguni ni mkubwa sana. Mimi ile sehemu nilisimamisha nikaenda kunywa maji.

Lakini angalia kitu kimoja. Ile lulu ya nguvu ya kwenye katuni ya kwanza ALIIIBA. Hawakusema alilazimishwa kuiba, hawakusema mtu amemshikia baba yake. Aliiba kwa sababu alitaka kitu na aliona hatapewa. Na bado tunamlilia. Sura yako ya sita imemnyang'anya Su She dhambi yake mwenyewe, sasa amebaki na nini?

---

Luo_Qingyang_wangu

Mimi nitaongea wazi kwa sababu nampenda Mianmian kuliko wote humo ndani.

Mleta uzi umeandika mistari mingi kuhusu mama, ng'ombe, kiti, sahani. Mianmian umemtaja mara mbili na mara zote anashikwa tu. Yule ni msichana, kaambiwa atundikwe damu yake imwagike ili mnyama atoke, anakimbilia nyuma ya watu, watu wanasogea pembeni, afu mkono unatoka kwa mtu wa upande wake mwenyewe. Hiyo ndo sura ya pangoni. Kwenye hadithi yako amekua kitu cha kubebea majonzi ya mwanaume.

Na hoja ya unyonge mimi kwangu haisimami, kwasababu Mianmian nae hakuwa mtu mkubwa. Baadae kwenye kikao cha wakubwa wote pale Jinlintai, makao ya ukoo wa Jin, wakati kila mtu anamtukana Wei Wuxian, ni yeye aliyenyanyuka akasema, wakamcheka, wakamwambia anamtetea kwa sababu anampenda, akavua joho la ukoo wa Jin akatoka nje. Hana jeshi hana upanga wa maana. Kwahiyo mbele ya macho ya Su She kuna mtu wa daraja la chini kama yeye aliyechagua vingine. Ukimwandika Su She bila kumwandika huyo, unaandika nusu.

Sikwambii uache. Nakwambia mpe Mianmian kurasa.

---

kijiti_cha_ubani

Andika mdogo wangu, asiyetaka asisome. Ila admini kufuta kazi ya mtu bila kumwambia si uungwana, kaa na nakala zako mwenyewe siku zote.

---

Msomi_Guangzhou

Niko huku nasoma mwaka wa tatu, riwaya nimeisoma kwa Kichina kwa taabu na kamusi, nichangie kidogo.

Huku wana neno kabisa la hicho ulichotuhumiwa, xibai, kuosha kitu mpaka kiwe cheupe. Na wana neno la watu kama Su She na Jin Zixun, paohui, yaani majivu ya mzinga, mhusika aliyewekwa alipuliwe ili stori isonge. Mashabiki wengi tu wanapenda kuchokonoa hayo majivu, hauko peke yako. Ugomvi unaanzaga pale mtu anapoosha badala ya kuchokonoa.

Sasa swali langu, kwanini ulihitaji kumbuni mama aliyeshikwa mateka wakati kitabu kimekuachia vitu vingi? Chukua ule utepe wa kwenye paji la uso. Watu wa damu ya Lan utepe wao una nakshi ya mawingu, wanafunzi wa kuja wenye majina mengine wao ni mweupe mtupu. Kila asubuhi Su She anafunga kichwani kitu kinachomwambia wewe si wa hapa. Hiyo hujaitunga wewe, imo. Chukua na Jin Guangyao, yule mkubwa ambaye Su She alimfuata mpaka mwisho, mtu mwenye kipaji cha kukutana na wewe mara moja tu na kukumbuka jina lako, cheo, umri, sura. Kwa mtu ambaye hakuna anayemkumbuka hiyo ni zaidi ya pesa. Ndo maana anakufa pale hekalu la Guanyin akimkinga, anapigwa na maiti ya Nie Mingjue. Na kifuani kwake wanaona matundu, laana imemrudia, ameishi nayo miaka yote chini ya nguo nyeupe alizovaa afanane na Lan Wangji. Wewe una ng'ombe, sawa, ng'ombe mzuri. Lakini yale matundu umeyaandika?

Halafu la Lan Wangji. Usimwekee matusi. Akimtukana Su She basi Su She ana haki ya kumchukia na mambo yameisha. Kinachouma ni kwamba Lan Wangji hakumfanya chochote, alikua tu bora kuliko yeye, kila siku, bila hata kumwangalia.

---

Binti_wa_Moling

Nimesoma zote mara mbili. Msomi hapo kwenye matundu umenichoma, kweli sijayaandika, nilikua nimeishia mbali na huko na nadhani nilikua nakwepa.

Luo_Qingyang_wangu nimekasirika kwanza nikaenda kufua, nimerudi nimeona una haki. Nimehesabu, Mianmian kwenye sura yangu nzima ana sentensi mbili, na moja ni kilio.

---

Dem_wa_Likoni

Sasa mimi nakuja na ile nyingine ya huyo huyo mwandishi, Scum Villain, kwa sababu hii shida yako mle ndani imeongelewa kabisa. Shen Qingqiu wa kwanza, yule mwalimu mbaya, msomaji anamchukia mpaka anakufa na hasira afu anaamkia ndani ya mwili wake. Mbele huko ndo tunajua alikuwa mtoto wa kuuzwa, Shen Jiu, akateswa kwa akina Qiu, na Yue Qi aliyeahidi kurudi kumchukua hakurudi kwa wakati, na sababu ya kutorudi hakuwahi kumwambia. Mimi nililia kwa matatu mangapi sijui, abiria wakaniona mwendawazimu.

Na yule mtunzi wa ndani ya hadithi, Airplane, anakiri alikua na wazo la kumpa undani lakini wasomaji hawakutaka kwahiyo akamwacha awe mbaya tu. Fikiria hiyo. Mtu mzima na maisha yake yamefutwa kwa sababu komenti zilikua kali.

Lakini Shen Jiu alimmwagia mtoto chai ya moto kichwani. Ukishajua yote ya kwa Qiu, ile chai bado ni moto na Luo Binghe, huyo mtoto mwanafunzi wake, bado ni mtoto. Mwandishi hajaipoza hata kidogo. Mimi ndo nilijifunza hapo, hizo mbili unazibeba mkono huu na mkono huu na hazipunguziani uzito.

Kitu kingine, kwani umesahau pale ziwani nani alimwokoa Su She? Boti inazama, Wei Wuxian akamshika kifundo cha mkono akamvuta, yeye mwenyewe Wei Wuxian kashikwa ukosi na Lan Wangji hewani. Hiyo sikuiona kwenye maelezo yako.

---

Bi_Mkubwa_Unguja

Mwanangu, hayo ya Kichina wenzio wameshayamaliza, mie nakwambia la huyo dadayo. Mpigie simu, usimwandikie. Na ukimpigia usianze kujieleza hadithi yako, muulize kilichomuuma. Mtu hanuni siku kumi na moja kwa sababu ya mtu wa kitabuni. Kuna kitu pale kwenye pango amekiona, wewe hujakiona.

---

Binti_wa_Moling

Wapendwa nimerudi. Samahani nimekaa kimya siku nne.

Nimempigia. Bi Mkubwa ulijua. Yaliyomkuta siwezi kuyaandika hapa, ni yake, nitasema tu kwamba kuna siku nyumbani kwao kulikuwa na mtu wa kutolewa ili wengine wapone na aliyetolewa ni yeye, na waliomtoa mpaka leo wanamwambia hatukuwa na jinsi. Akaniambia, "nilivyosoma mama yake kashikwa, nilisikia sauti zao." Tumelia wote. Nilikua sijui kabisa, miaka sita ya urafiki.

Sura ya sita nimeifuta na kuiandika upya usiku kucha. Mama hajashikwa na mtu, yuko Moling anafua. Hakuna aliyemtishia Su She. Nimemtumia dada kwanza kabla ya mtu yeyote, kairudisha na masahihisho mawili ya tahajia na neno "sawa". Naweka kipande hapa:

*Watu walisogea. Wa kwanza akasogea hatua moja, wa pili mbili, mpaka msichana akabaki na nafasi pande zote kama mti kwenye shamba lililofyekwa. Alikuwa hajalia bado. Alikuwa anatafuta sura ya mtu. Macho yake yakafika kwa Su She, yakapita, yakarudi, akafungua mdomo kumwita na akakosa jina lake. Su She akanyoosha mkono. Msichana aliona anavutwa nyuma, mahali pa usalama, akamfuata hatua mbili nzima bila kukaza mwili. Su She alikuwa amemshika kifundo cha mkono. Alijua jinsi ya kushika hapo mtu asiponyoke, kwa sababu yeye mwenyewe alishikwa hapo hapo, juu ya maji, na aliyemshika hakumwachia.*

Lan Wangji nimemtoa maneno yote. Yuko pale na mguu wake mbovu, kasimama mbele ya Mianmian, hamwangalii Su She kabisa.

---

Luo_Qingyang_wangu

Hatua mbili nzima bila kukaza mwili. Yallah.

Sina cha kuongeza. Ukiwa na grupu jipya niongeze.

---

Msomi_Guangzhou

Hapo kwenye kukosa jina nimesimama. Acha hivyo hivyo, usiguse tena.

---

Mzee_wa_Kibanda

Binti, mimi nina swali moja. Yule mama, habari za upanga kuzama alizipata lini?

---

Binti_wa_Moling

Sura ya tisa mzee wangu. Anarudi nyumbani na upanga mwingine unaofanana, na mama anaushika, anaupima mkononi, afu anauliza ameshakula.