Ushauri wakuu: nahodha wa timu ya chuo, mechi 9 hatujashinda hata moja

Nahodha Na. 5

Wakuu, habari za jioni. Niko mwaka wa pili katika chuo kimoja cha ualimu, nacheza beki wa kati na ndiye nahodha wa timu ya mpira. Msimu huu tumecheza na vyuo vingine mechi 9: sare 1, vipigo 8. Tumefunga mabao 5, tumefungwa 23. Tumekuwa kichwa cha mwendawazimu, kila kinyozi anakuja kujifunzia.

Kinachoniuma zaidi ni kipa wetu. Yuko mwaka wa kwanza, kijana mpole sana. Wiki iliyopita tulipigwa mkono, yaani mabao matano, ugenini, tukarudi chuoni saa mbili usiku. Alipoingia bwaloni meza moja ikaanza kuimba "Kapu! Kapu!" Akairudisha sahani dirishani, ugali haujaguswa, akaenda kulala. Jumatatu hakuja mazoezini.

Kocha ni mwalimu wetu, anajitolea tu. Kila tukifungwa anabadilisha mfumo: leo 4-4-2, mechi ijayo 3-5-2, inayofuata mabeki watano. Wenzangu wananisukuma niende kwa mkuu wa chuo kuomba kocha mwingine. Mimi namheshimu yule mzee, maji na glukosi tunayokunywa ananunua kwa hela yake. Zimebaki mechi 3. Nifanyeje? Au niachie kitambaa cha unahodha?

Winga Teleza

Kocha aondoke. Mechi 9 bila ushindi unasubiri nini mkuu?

Mwananchi wa Jangwani

Winga, tulia kidogo. Sisi Yanga tumekaa misimu minne tukiwaangalia Simba wakibeba ubingwa, kuanzia 2017/18 mpaka 2020/21. Enzi za Mwinyi Zahera hela ya mishahara hakuna, tukatembeza bakuli, mashabiki tukachangia, na bado timu ikamaliza ya pili 2018/19. Msimu wa 2021/22 tukachukua ubingwa bila kupoteza mechi, kocha akiwa Nasreddine Nabi. Katikati hapo makocha walikuja wakaondoka kadhaa na kombe halikuja. Lilikuja timu ilipotulia. Nahodha, zimebaki mechi tatu, kocha mpya atajua hata majina yenu lini?

Mama Filimbi

Mdogo wangu, pole sana. Nimefundisha timu za wasichana za UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, miaka mingi, hilo la kipa ndilo la kuanza nalo, leo hii. Nenda chumbani kwake, usimwite. Na kesho bwaloni mkae naye meza moja timu nzima, mzunguke sahani yake. Kipa aliyevunjika moyo hatoki golini kudaka krosi, anabaki kwenye mstari kama amepigiliwa msumari, na mabao yanazidi.

Sasa nikuulize: hayo mabao 23 yaliingiaje? Chukua daftari, kaa na wenzako wawili mkumbuke moja moja. Kona ngapi, faulo ngapi, dakika ya ngapi. Usiongee na kocha kabla hujaandika.

Nahodha Na. 5

Dada yangu, asante. Tumekaa jana usiku mpaka saa tano. Sikuamini. Mabao 10 ni ya kona na faulo za pembeni. Na mabao 8 yameingia baada ya dakika ya 70, baadhi ni hayo hayo ya kona. Kwenye kona kila mtu anautazama mpira, hakuna anayejua anamkaba nani, kwa sababu kila wiki namba zinabadilika.

Mtanga wa Kansas

Nahodha, niko Marekani, Kansas. Futiboli ya huku ni ule mpira wa umbo la yai, lakini sikiliza kisa hiki. Chuo kikuu cha Kansas State, mjini Manhattan, mwaka 1987 na 1988 kilicheza mechi 22 bila ushindi hata mmoja, sare 1 tu. Akaja kocha Bill Snyder. Msimu wake wa kwanza, 1989, alishinda mechi 1 na kufungwa 10. Ile moja, dhidi ya North Texas, iliisha 20-17. Mwaka 1990 ushindi 5, 1991 ushindi 7, na 1998 walishinda mechi zote 11 kabla ya zile za mwisho. Leo uwanja una jina la familia yake.

Kitu kimoja alichofanya watu walimsema sana: nje ya mechi za ligi alikuwa anapanga kucheza na timu dhaifu. Mimi naona alikuwa sahihi. Vijana waliosahau kushinda lazima wakumbushwe. Tafuteni hata timu ya mtaani mcheze nayo katikati ya wiki.

Mama Filimbi

Basi jibu unalo kwenye daftari. Mpelekee mwalimu ofisini, peke yako, usiende na kundi. Mwambie, "Mwalimu, naomba unisaidie na hili." Omba dakika 20 za kona kila mazoezi: mmoja mlingoti wa karibu, watatu warefu mbele ya kipa, waliobaki kila mtu na mtu wake, majina yasibadilike mpaka msimu uishe. Kuhusu dakika ya 70, mnakula saa ngapi?

Nahodha Na. 5

Mechi saa kumi, chakula cha bwaloni kinatoka saa nane kasoro. Wengine huwa hawali kabisa, wanaogopa kukimbia na shibe.

Mama Filimbi

Hapo ndipo pumzi inapokatika. Mwombeni mpishi awatangulizie sahani za timu saa sita na nusu.

Nahodha Na. 5

MREJESHO. Mwalimu alilisoma daftari kimya, akaniomba abaki nalo. Mazoezi ya Jumanne alikuja na orodha ya kona ameiandika kwa kalamu nyekundu, akaibandika mlangoni mwa stoo ya jezi. Jana tumefungwa 1-0 kwa penalti. Wamepiga kona 7, hakuna iliyoingia, mbili kipa alitoka akazidaka juu ya vichwa vya watu. Usiku amekula ugali wote, na akaongeza maharage. Jumatano tunacheza na vijana wa sokoni.